Kukagua Kanda za Sauti za Zamani Kabla ya Kuzipiga

Kanda iliyochakaa kwa macho, iliyojikunja na yenye boksi lililoliwa pembe, mara nyingi hupigika bila taabu. Ile inayong'aa, iliyosokotwa sawasawa na kukaa vizuri kwenye rili yake, ndiyo inayoweza kuacha sauti yake yote juu ya vichwa vya mashine kabla dakika haijaisha. Kwa hiyo uzuri wa kanda usikushawishi. Ukaguzi mzuri hujibu maswali matatu kabla mashine haijawashwa: utepe umetengenezwa kwa plastiki gani, gundi inayoshika unga wa sumaku iko katika hali gani, na umbo la utepe bado linaruhusu uguse vichwa inavyotakiwa.

Utepe wa sumaku una matabaka mawili au matatu. Chini kuna plastiki ya msingi. Juu yake unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na gundi na kilainishi. Na kanda nyingi za studio zina tabaka jembamba la kaboni mgongoni, lililowekwa ili utepe ujisokote vizuri na usibebe umeme tuli. Kila tabaka huharibika kwa njia yake, na dawa ya moja ni sumu kwa jingine. Ndiyo sababu kutambua ni kazi ya kwanza.

Vifaa na mahali pa kazi

Meza safi yenye mwanga mzuri, tochi ndogo ya LED, lenzi ya kukuza mara 10, glavu za nitrili, barakoa ya daraja la N95 au FFP2, vijiti vya pamba, rili tupu ya ukubwa uleule, mifuko inayofungwa, penseli na fomu ya ukaguzi. Kwa kanda za asetati (aina ya zamani ya plastiki ya msingi), ongeza karatasi za kupima asidi zinazoitwa A-D, zinazotengenezwa na Image Permanence Institute. Spika, mota na bisibisi zenye ncha ya sumaku zikae mbali na meza.

Kanda iliyotoka kwenye chumba cha baridi usiifungue papo hapo. Iache saa 24 kwenye chumba cha ukaguzi ikiwa ndani ya boksi, na boksi ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiifungua ingali baridi, unyevu wa hewani utageuka umande juu ya utepe, nawe utakuwa umeanzisha ugonjwa uliokuja kuupima.

1. Soma boksi, lakini usiliamini

Piga picha pande zote za boksi, rili na karatasi zilizomo. Andika mtengenezaji, namba ya aina, namba ya toleo la kiwandani na mwaka kama upo. Angalia pia kama kumeandikwa kwamba kanda imehifadhiwa mwisho wake ukiwa nje, maana hilo litabadilisha upande utakaoanzia.

Boksi hushuhudia tu kwamba boksi lilinunuliwa. Studio na vituo vya redio vilitumia tena maboksi, na rili ilihamishwa kutoka boksi moja kwenda jingine bila mtu kubadilisha maandishi. Watengenezaji kadhaa, wakiwemo BASF na Agfa, walichapa jina lao mgongoni mwa utepe kwa baadhi ya kanda zao. Maandishi hayo yana uzito kuliko ya boksi. Yakipingana, amini utepe, na uandike yote mawili kwenye fomu.

2. Ukungu kwanza, harufu baadaye

Wengi hufungua boksi na kupeleka pua moja kwa moja. Huo ni mpango mbaya, kwa sababu ukungu ukiwemo utauvuta mapafuni. Vaa barakoa na glavu, fungua boksi mbali kidogo na uso, kisha pitisha tochi kwa mlalo juu ya ubavu wa utepe uliosokotwa, kwenye tundu la katikati na kwenye kuta za ndani za boksi. Mwanga wa mlalo huonyesha kile ambacho mwanga wa juu hukificha.

Ukungu unaweza kuwa mweupe, wa kijivu, wa kahawia, mweusi au wa rangi ya haradali. Chini ya lenzi utaona nyuzinyuzi zinazotoa matawi, mara nyingi zikivuka kutoka mzunguko mmoja wa utepe hadi mwingine. Kuna kitu kingine cheupe kinachowachanganya wengi: mabaki ya kilainishi au ya gundi yaliyojitokeza kwenye kingo. Haya huonekana kama unga au fuwele, hayana nyuzi wala matawi, na hukaa kando ya kingo badala ya kuota juu yake. Ukungu uliokauka hutoka kama vumbi. Ulio hai ni mlaini na hupakaa ukiguswa na ncha ya pamba.

Ukiuona ukungu, ukaguzi umeishia hapo kwa kanda hiyo. Funga kwenye mfuko, weka alama, itenge na kundi, badilisha glavu, futa meza. Kanda ya namna hiyo hukaushwa kwanza kwenye unyevu mdogo, halafu husafishwa kwa kivuta vumbi chenye chujio la HEPA, linalonasa chembe ndogo sana. Kuipiga au kuizungusha kwa kasi hutawanya mbegu za ukungu chumbani na ndani ya mashine, na kanda inayofuata huambukizwa kupitia mashine hiyo.

Ikiwa hakuna ukungu, sasa nusa, kwa kupunga hewa ya boksi kuelekea puani. Harufu ya siki ni dalili ya asetati inayooza. Harufu ya nta, kalamu za rangi za watoto au soksi chafu huonekana kwenye kanda nyingi zenye gundi iliyolainika. Kutokuwepo kwa harufu hakuthibitishi chochote: boksi lililokuwa wazi kwa muda mrefu hupoteza harufu, na pua huzoea siki ndani ya dakika chache. Ukikagua rundo, toka nje mara kwa mara.

3. Tambua plastiki ya msingi

Shika rili kwa kitovu, iinue mbele ya taa, na utazame kupitia ubavu wa utepe uliosokotwa, penye nafasi kwenye bamba za pembeni. Asetati hupitisha mwanga: rundo lote la utepe huonekana likiwaka kwa rangi ya kahawia au kaharabu. Poliesta huzuia mwanga na rundo hubaki giza. Jaribio hili halichukui hata nusu dakika, nalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika mwongozo huu.

Asetati ilitumika tangu miaka ya 1930 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na poliesta ikaanza kuingia sokoni katika miaka ya 1950, kwa hiyo kuna takriban miaka 20 ambapo mwaka wa kurekodi haukuambii lolote. Kanda za karatasi za mwishoni mwa miaka ya 1940 hujitambulisha zenyewe kwa macho. PVC, plastiki nyingine ya msingi, ilitumiwa zaidi na viwanda vya Ujerumani, nayo kwa kawaida haina matatizo makubwa ya kikemia, ila ni rahisi kuvutika.

Ushahidi mwingine ni mahali utepe ulipokwisha kukatika. Asetati hukatika kwa mkato safi, na vipande viwili hukutana vizuri. Poliesta huvutika kwanza hadi iwe uzi, ndipo ikatike. Tumia mikato ya zamani uliyoikuta. Usikate kipande kwa ajili ya kujua.

Kosa la hatua hii ndilo lisilorekebishika. Kanda ya poliesta yenye gundi iliyolainika hutibiwa kwa joto. Asetati ikipewa joto hilohilo hukauka, husinyaa na kupinda, na hakuna njia ya kuirudisha.

4. Ikiwa ni asetati: pima asidi

Asetati ya selulosi ikikaa kwenye joto na unyevu huachia asidi ya asetiki. Asidi hiyo yenyewe huharakisha uozo unaofuata, na mvuke wake huambukiza kanda za jirani kwenye rafu. Weka karatasi moja ya A-D ndani ya boksi au mfuko uliofungwa pamoja na rili, bila kugusa utepe, kwa saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba. Kwenye ubaridi huhitaji muda mrefu zaidi. Kisha linganisha rangi na penseli ya rangi inayokuja na karatasi hizo, haraka baada ya kuitoa, kwa sababu rangi hurudi nyuma ikikaa hewani.

Buluu ni 0, hakuna uozo. Buluu inayoelekea kijani ni 1, uozo umeanza. Kijani ni 2, na njano ni 3. Alama ya 1.5 ndiyo mpaka wa kuuchunga: kuanzia hapo asidi hujichochea yenyewe na kasi hupanda. Kanda iliyofika 2 ipangiwe kunakiliwa mapema. Ya 3 iko hatarini kusinyaa na kupinda wakati wowote. Itenge na upange kuinakili mara moja.

Halafu angalia umbo. Shika ncha ya utepe, iache ining'inie sentimita 10 hivi, utazame ukingo wake kwa mbele. Utepe mzima hukaa bapa. Uliosinyaa hujikunja kwa upana hadi uwe mfereji, kwa sababu plastiki husinyaa kuliko tabaka la sumaku. Utepe wa aina hii bado unaweza kupigwa, lakini hugusa kichwa cha kusomea kwa sehemu tu, na sauti za juu hupotea na kurudi. Asetati iliyokauka sana pia hukatika kwa mshtuko mdogo, kwa hiyo mashine yake iwe na mvuto mdogo, na breki zisizofunga kwa ghafla.

5. Ikiwa ni poliesta: tazama mgongo

Hapa ndipo kanda nzuri kwa macho inapokuwa mtego. Kunjua sentimita 20 na uangalie pande zote mbili. Utepe usio na tabaka la mgongoni una upande mmoja wa kahawia (wa sumaku) na mwingine unaong'aa. Wenye tabaka la mgongoni una upande wa nyuma mweusi au wa kijivu cheusi, usiong'aa, na mara nyingi upande wa sumaku ndio unaong'aa zaidi.

Poliesta yenye mgongo mweusi, iliyotengenezwa kati ya katikati ya miaka ya 1970 na miaka ya 1990, ihesabiwe kuwa na gundi mbovu hadi ithibitike vinginevyo. Gundi za wakati ule zilikuwa za poliesta-urethani, ambazo hunyonya unyevu wa hewa. Maji huvunja minyororo yake mirefu kuwa vipande vifupi vyenye kunata, vinavyopanda juu ya utepe. Mashine ikianza kuzunguka, vipande hivyo hushikamana na vichwa pamoja na unga wa sumaku, na unga huo ndio rekodi yenyewe.

Majina ya kuyatilia shaka mara unapoyaona: Ampex 406, 407, 456, 457 na 499; Scotch 226, 227, 250 na familia ya 806 hadi 809; na baadhi ya matoleo ya Agfa PEM 468 na 469. Tatizo hutofautiana kwa toleo la kiwandani. Ndiyo maana namba ya toleo uliyoiandika hatua ya kwanza ina kazi: ukipata rili moja mbovu, zote za toleo hilo zihamie upande wa shaka bila kuguswa.

Kuna kundi jingine dogo linalosumbua: kanda zisizo na mgongo mweusi lakini zinazolia zikipigwa, kama Sony PR-150 na Scotch 175. Hazinati kwa mkono wala haziachi uchafu mwingi. Dalili yao ni kelele kali ya mlio mashineni. Joto haliziponyi, kwa hiyo ziandike peke yake na usizichanganye na zile za Ampex.

6. Jaribio la mkono

Jaribio hili hufanywa na watu wengi kwa pupa, na pupa ndiyo inayoliharibu. Weka rili kwenye kishikio kinachozunguka kwa urahisi, au ishike wima kwa kidole kwenye kitovu. Ondoa mkanda wa kufungia. Acha utepe ushuke taratibu kwa uzito wake, mita 1 hadi 2, huku ukizungusha rili kwa mkono polepole sana.

Angalia mahali utepe unapoachana na rundo. Kwenye kanda nzima, utepe hujitenga mara tu unapofika sehemu ya kuachia. Kwenye kanda inayonata, utepe huendelea kufuata rundo kidogo kupita sehemu hiyo, kisha hujinasua kwa mikupuo midogo. Sogeza sikio: ukisikia sauti laini ya gundi ikibanduka, simama. Rudisha utepe kwa mkono wala usiendelee kwa kutaka kuhakikisha zaidi, maana kila sentimita unayoinasua inaweza kubandua tabaka la sumaku. Shikilia mbele ya taa kipande ulichokwisha kukikunjua. Penye tundu la mwanga, unga umehama na kubaki kwenye mgongo wa mzunguko wa jirani.

Kisha gusa upande wa sumaku kwa kijiti cha pamba kikavu, bila kusugua, mahali pasipo na rekodi karibu na kiongozi, yaani kipande kisicho na sauti kilichoungwa mwanzoni mwa utepe. Kikitoka cheupe, vizuri. Vumbi jepesi la kahawia ni la kuandikwa. Doa la kunata ni jibu kamili.

Kumbuka kwamba mizunguko ya nje haiwakilishi rili nzima. Imekaa hewani zaidi, na inaweza kuwa mibovu kuliko ya ndani au kinyume chake. Majibu mazuri kwenye mita mbili huruhusu hatua inayofuata, hayatoi cheti.

Viungo navyo vikaguliwe hapa. Gundi ya mkanda wa kuungia hukauka, kiungo kikaachia, au hutoka kando na kubandika mizunguko miwili. Kiungo kilichokauka si hatari, hurekebishwa kwa mkanda mpya. Kinachovuja ndicho kinachohitaji subira kabla ya kukunjua zaidi.

Hifadhi kubwa zenye maabara zina njia isiyohitaji kukunjua sana: kumulika utepe kwa mwanga wa infraredi na kusoma alama za kemia ya gundi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina wakishirikiana na Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, walionyesha mwaka 2015 kwamba njia hiyo hutenganisha kanda zinazonata na nzima kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Kwa hifadhi ya kawaida, mkono na lenzi ndivyo vilivyopo.

7. Umbo la rundo

Tazama rili kwa ubavu. Mistari inayotoka kitovuni kwenda nje kama spoku za baiskeli inaonyesha kwamba rundo lilikazwa kupita kiasi au limebadilika kwa joto. Mianya kati ya mizunguko ni ishara ya kulegea. Mikunjo midogo iliyojipanga mahali pamoja hutokea rundo lililolegea linaposimamishwa ghafla na mizunguko ikateleza. Kingo zilizochomoza nje ya rundo hupindwa na bamba za pembeni, na njia ya sauti iliyo ukingoni ndiyo inayoumia; kwa kanda ya upana wa milimita 6.3 iliyorekodiwa njia nne, ukingo uliopinda unaweza kumaliza njia nzima.

Usibane bamba za pembeni kati ya vidole unapoinua rili. Bamba lililopinda libadilishwe kabla ya kuzungusha.

Kaseti

Kaseti hukaguliwa kwa dirisha lake na kwa mkono. Tingisha polepole: kitu kikigongagonga ndani, mara nyingi ni kipande cha sponji au kitambaa kilichobanduka. Tazama katikati ya uwazi wa mbele. Lazima pawe na kipande kidogo cha kitambaa kigumu juu ya springi nyembamba, kinachosukuma utepe kwenye kichwa. Gundi yake ikikauka kipande huanguka, na sauti hutoka hafifu, isiyo na sauti za juu. Hilo ni tatizo la ganda, si la utepe. Zungusha kitovu kwa penseli yenye pembe sita, robo mzunguko tu kila upande. Kikigoma, usikilazimishe, hamishia utepe kwenye ganda jipya la skrubu tano.

Urefu wa kaseti una maana. C-60 (ya dakika 60) ina utepe wenye unene wa takriban maikromita 18, C-90 12, na C-120 9 tu. C-120 hunaswa na kuvutika kwa urahisi, kwa hiyo usiizungushe kwa kasi hata kama imefaulu ukaguzi wote. Na kabla kaseti yoyote haijakaribia mashine, vunja vichupo viwili vya mgongoni vinavyoruhusu kurekodi.

8. Sekunde za kwanza mashineni

Kanda iliyofaulu hufika hapa. Safisha vichwa, miongozo na mhimili wa kuendeshea kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ila roli la mpira lisafishwe kwa dawa yake. Jaribu mashine kwa kanda isiyo na thamani. Anza kwa kasi ya kawaida ya kupiga. Kuzungusha kwa kasi kabla ya kujua hali ya gundi ni kuikimbiza kanda bila kuikagua.

Piga sekunde 30, simamisha, inua utepe, pitisha pamba nyeupe kwenye kichwa na kwenye miongozo isiyozunguka. Ikiwa safi, endelea dakika 5 na urudie. Mlio, kupungua kwa kasi au sauti za juu zinazofifia hatua kwa hatua ni amri ya kusimama. Usiiache kanda imesimama ikigusa vichwa, kwani inayonata hushika hapohapo. Inue kwa mkono.

Kuandika na kupanga

Fomu nzuri ni fupi. Mfano: "Rili 0147. Boksi Scotch, utepe Ampex 456 (mgongo mweusi). Poliesta, taa haipiti. Hakuna ukungu. Harufu ya nta. Jaribio la mkono: inanata baada ya sentimita 60, imesimamishwa. Viungo 3, kimoja kinavuja. Hali: nyekundu." Andika ulichoona kabla ya ulichohitimisha, ili mwenzako aweze kukupinga.

Kijani ni kwa kanda zinazoweza kupigwa sasa. Njano ni kwa asetati iliyojikunja, kaseti zinazohitaji ganda jipya na viungo vikavu. Nyekundu ni kwa zinazonata, zenye ukungu na asetati ya alama 2 kwenda juu.

Zinazonata huandaliwa kwa joto la chini linalodhibitiwa, takriban nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 kwa kanda ya milimita 6.3, kwenye oveni ya maabara yenye feni na kipimajoto cha pembeni. Kampuni ya Ampex ilipewa hataza ya njia hii mwaka 1993. Oveni ya jikoni haifai, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kupita mpaka salama. Nafuu hudumu wiki kadhaa, kisha unyevu huirudisha gundi ilikokuwa, kwa hiyo kifaa cha kunakilia kiwe tayari kabla ya kuwasha oveni.

Kanda zote, isipokuwa zenye ukungu zilizotengwa, zirudi rafuni zikiwa wima, zikiegemea kitovu na si bamba, mbali na zile zenye harufu ya siki, kwenye unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Asetati zilizopata 1 zipimwe tena kwa A-D kila mwaka.